Mwacheni Lea Aseme



Liko neno linalonenwa sasa katika vijiji vyetu vya bonde la Ruvuma, hata na watu wa kanisa, ya kwamba vijana wanaharibika kwa kuandika hadithi. Nao hawatungi zao tu. Huchukua hadithi iliyokwisha kusimuliwa na mwingine, wakaiendeleza pale alipoiachia mwenyewe, katika daftari la shule au katika simu, kisha wakapeana wao kwa wao. Na habari waipendayo kuliko zote ni ya watu watatu: wawili wampendao mmoja, au mmoja ambaye moyo wake umegawanyika kati ya wawili. Wazee wakisikia husema, "Chomeni madaftari, wapokonyeni simu." Mimi nasema, msichome. Nitazijibu hoja zao moja moja, kisha nitawageukia vijana wenyewe, kwani nao wana deni.

Hoja ya kwanza huletwa na wacha Mungu. Wakimwona kijana ameandika habari za Lea na Raheli na kutia maneno yasiyomo katika kitabu cha Mwanzo, hufungua mwisho wa Ufunuo na kumwonya juu ya mtu aongezaye maneno. Onyo lile ni kweli, wala sina ruhusa ya kulipunguza. Lakini onyo ni kwa yule atakayetaka maneno yake yapokewe kuwa ni unabii wa Mungu. Kijana huyu hakudai hivyo. Tena tujihukumu wenyewe kwanza. Kila Krismasi watoto wetu huigiza mwenye nyumba ya wageni akiwafukuza Yusufu na Mariamu mlangoni. Someni Luka 2 mstari kwa mstari: mtu huyo hayumo. Huwavika mamajusi watatu. Someni Mathayo 2: hesabu yao haikutajwa. Je, tumeliongeza Neno? La. Tumewaza jinsi ilivyokuwa, ili tupate kuliona vizuri.

Nathani alipotumwa kwa mfalme Daudi baada ya habari ya Uria na mkewe, hakuanza kwa kumkemea. Alimsimulia hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake. Mfalme akakasirika juu ya tajiri wa hadithi, kumbe amekwisha kujihukumu mwenyewe. Na Bwana wetu, katika Luka 15, alimwacha kaka mkubwa amesimama nje ya nyumba yenye karamu, wala hakutuambia kama aliingia. Kila asikiaye hubaki na swali hilo moyoni. Mtoto anayelijibu kwa kalamu ana kosa gani?

Hoja ya pili ni kwamba habari za mapenzi hazimfai asiyeoa wala asiyeolewa. Nami nauliza: basi tutaikata Mwanzo 29 katika Biblia zetu? Sisi watu wa kusini, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao ukoo wetu hufuata upande wa mama, tungepaswa kuielewa sura ile kuliko mataifa mengi. Labani alikuwa mjomba wa Yakobo, nasi twajua mjomba ni nani. Yakobo alimtumikia miaka 7 kwa ajili ya Raheli, kama vijana wetu wa zamani walivyokwenda kulima mashamba ya wakwe. Usiku wa arusi akaletewa Lea. Kulipopambazuka akalalamika, akapewa na Raheli pia, akatumika miaka 7 mingine.

Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya sura hii humsifu Yakobo kwa uvumilivu na kumlaumu Labani kwa hila. Hayo ni kweli. Lakini ni nani aliyemwuliza Lea? Aliongozwa gizani akapewa mtu aliyemtaka mwingine. Na ni nani aliyemwuliza Raheli, ambaye usiku wake alipewa dada yake? Kitabu hakisemi. Kijana akiketi na kujiuliza Lea aliwaza nini kulipokucha, alipouona uso wa mumewe umebadilika, hafanyi uchafu. Anajifunza kuhurumia.

Tena Kitabu chenyewe kimetuachia njia, kwa majina ya watoto. Mzaliwa wa kwanza Lea alimwita Reubeni, akitumaini kwamba sasa mumewe atampenda. Wa pili akamwita Simeoni, kwa kuwa Mungu amesikia ya kwamba hapendwi. Wa tatu akamwita Lawi, akitumaini kwamba sasa mume ataungana naye. Watoto watatu, na katika kila jina mna kilio cha mwanamke anayengoja mlangoni. Akazaa wa nne, akamwita Yuda, na mara hii hakumtaja mume. Alimsifu Mungu tu. Ndugu zangu, kama mnataka kumweleza msichana maana ya kukua, mweleleni safari ile kutoka Reubeni mpaka Yuda. Wala msimwambie kwamba mtu akikua haumii tena. Sura ya 30 yatuonyesha dada hawa wawili wakipatana bei ya usiku mmoja wa mume wao kwa tunguja zilizookotwa kondeni. Lea alikuwa amekwisha kumzaa Yuda, na moyo bado ulimrudisha nyuma. Ndivyo ulivyo moyo: hukua, ukarudi, ukakua tena.

Hoja ya tatu husema mambo haya ni ya mjini na ya ugenini. Si kweli. Washairi wa pwani yetu, ndugu zetu Waislamu, walitunga utenzi wa Yusufu, nao hawakuona aibu kuichukua habari ya kale na kuisimulia upya kwa vina. Na huko Ulaya, Mdachi Thomas Mann aliitwaa habari hii ya Yakobo na wanawe, akaifanya vitabu vinne vilivyotoka kati ya mwaka 1933 na 1943, cha mwisho akikimalizia Marekani alikokimbilia. Sura chache za Mwanzo zikawa kazi ya miaka mingi ya mtu mzima mwenye akili. Tutamcheka mtoto wa Mahurunga kwa kurasa zake kumi?

Kama wataka mfano wa hapa kwetu, tazama ng'ambo ya mto, upande wa kuelekea baharini. Iko nchi ndogo ya Kionga, ambayo Wazungu waliiita pembetatu. Wadachi waliitwaa mwaka 1894. Wareno wakaichukua mwezi wa Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda yakawathibitishia. Leo ni nchi ya Msumbiji. Wawili waligombania, na vitabu vyaeleza haki ya kila mmoja wao. Bali Kionga yenyewe haikuulizwa. Hivyo ndivyo tunavyosimulia habari za wanaume wawili na msichana mmoja. Twajua nani alileta mahari kwanza na nani alimzidi mwenzake. Neno la msichana halimo.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mvulana, lakini ilimruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Katika kesi ya Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo mwaka 2019. Hukumu ni kitu kikubwa. Lakini jaji hakai jamvini siku posa inapoletwa, fedha za korosho zikiwa mkononi mwa mposaji. Pale hukaa baba, mama na mjomba. Mwali akitoka unyagoni huambiwa kwamba amekuwa mtu mzima. Kungwi amemfundisha adabu, usafi na heshima. Je, yuko aliyemfundisha kusema, "Huyu simtaki," au, "Nawapenda wawili, nami sijui moyo wangu, nipeni muda nisome"? Maneno hayo ni magumu kuyapata siku ya posa kama hukuyatafuta mapema. Binti aliyewahi kumtafutia Lea maneno atakuwa nayo siku yatakapomfaa mwenyewe. Nanyi mkilichoma daftari lake, mwamchomea ulimi.

Sasa ninyi vijana. Msidhani nimewapa ruhusa ya kuandika ovyo. Hadithi zenu nyingi ni za uongo, si kwa kuwa mambo yake hayakutokea, bali kwa kuwa ninyi hamumpendi mtu wa tatu. Mkimpenda Raheli, Lea mwamfanya mchawi. Kisha mwamwua kwa homa katika ukurasa wa mwisho ili wawili wenu waoane kwa raha. Huo ni uvivu, tena ni ukatili. Katika Kitabu, Raheli aliyependwa ndiye aliyefia njiani karibu na Bethlehemu akijifungua, akazikwa huko. Lea ndiye aliyelazwa katika pango la Makpela pamoja na Abrahamu na Sara, Isaka na Rebeka, na Yakobo mwenyewe aliagiza azikwe huko. Na Bwana Yesu alitoka katika kabila ya Yuda, mwana wa yule asiyetakwa. Basi mwandikieni kila mmoja kana kwamba ni ndugu yenu wa tumbo moja. Usipoweza kumwandika mshindani wako bila kumchukia, bado hujakua. Rudi uandike tena.

Nanyi wazazi na walimu, mkiokota daftari, lisomeni kwanza. Penye matusi, kemeeni. Penye uongo, ulizeni, "Na huyu mwingine, moyoni mwake mlikuwa na nini?" Kisha mrudishieni mwenyewe aendelee, nanyi kaeni msikilize atakachosema Lea.

Wasalaam,
Mwalimu, Mahurunga