DENI SI KOSA LA USUKANI

Ndugu wafanya kazi,

Wengi wetu tuna ndugu wanaoendesha malori na motokaa kule Marekani. Kwa hiyo jambo hili si la watu wa mbali.

Kule leseni ya jimbo moja hukubaliwa katika majimbo mengine, na mpaka wa New York na New Jersey hauna kizuizi kama cha Malaba. Mtu hulala jimbo hili na kufanya kazi jimbo lile. Hilo ni jema. Lakini majimbo mengi yamepatana kupashana habari. Ukishikwa ugenini na usilipe faini, jimbo lako hujulishwa, nalo laweza kuizuia leseni yako. Ikizuiwa nyumbani, hata ukivuka mpaka haikufai. Ukishika usukani kwenda kazini, sasa kosa si faini tu. Ni kuendesha bila leseni halali, na katika majimbo mengi waweza kutiwa jela.

Nauliza: faini ilimshinda alipokuwa na kazi. Atailipa kwa nini akiwa hana kazi?

Mlevi anyang'anywe leseni. Mwenye kukimbiza gari ovyo anyang'anywe. Hata sisi wa reli, dereva akipita ishara ya hatari ashushwe katika injini. Lakini nani atakubali dereva wa gari moshi ashushwe kwa sababu ana deni dukani? Deni halipofushi macho wala halilegezi breki.

Torati ilikataza mdai kushika jiwe la kusagia la maskini kuwa rehani, maana hapo ndipo chakula chake hutoka. Leseni ya dereva ni jiwe hilo.

Tena tajiri na maskini hutozwa faini ile ile. Tajiri hulipa akaisahau. Maskini huanza safari ya jela. Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mtu asifungwe kwa kushindwa kulipa faini pasipo kuulizwa uwezo wake. California iliacha kuzuia leseni kwa faini isiyolipwa mwaka 2017, Virginia mwaka 2020. Wengine wanangoja nini?

Waandikieni ndugu zenu: karatasi ya faini isitupwe, hata ya jimbo la kupita tu. Wajibu kabla ya siku iliyoandikwa, na waombe kulipa kidogo kidogo. Na mtu akileta sheria ya namna hii kwetu, chama kisimame. Mkulima hanyang'anywi jembe ili alipe deni la shamba.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa Reli, Nairobi