Muuza Bunduki Lazima Awe na Mahali

Na Nekesa Wanyonyi

Biashara ya bunduki nchini Kenya inaongozwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Kwa mujibu wake, mfanyabiashara wa bunduki ni yeyote ambaye, kwa njia ya biashara, anaunda, anauza, anakabidhi wengine, anatengeneza au anafanyia majaribio bunduki au risasi. Sheria haiulizi anaifanya kazi hiyo saa ngapi kwa wiki. Mwalimu wa Bungoma anayenunua na kuuza bastola shule zikifungwa ni mfanyabiashara wa bunduki. Vivyo hivyo fundi wa kuchomelea vyuma mjini Kitale anayerekebisha bunduki za watu jioni. Asiyesajiliwa kati yao anavunja sheria, hata kama kazi hiyo ni kibarua cha pembeni tu.

Ruhusa zenyewe ni mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni cheti cha kumiliki. Mkulima wa mahindi wa Endebess anayewinga nyani wanaoshuka kutoka Mlima Elgon anaweza kukiomba, mradi aeleze sababu ya kutosha na aonekane kuwa mtu asiyehatarisha usalama wa umma. Mlevi wa kupindukia au mwenye akili isiyo timamu hapewi. Cheti hutaja aina ya bunduki, idadi yake, na kiasi cha risasi ambacho mwenyewe anaruhusiwa kununua na kuweka. Hakimruhusu kufanya biashara hata siku moja.

Ruhusa ya pili ni usajili wa mfanyabiashara. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2014, mamlaka ya leseni yako mikononi mwa Bodi ya Leseni za Bunduki, ambayo wajumbe wake wanatoka katika Huduma ya Polisi na idara nyingine za serikali, ikiwemo ya wanyamapori. Mwombaji huchunguzwa yeye mwenyewe, na mahali atakapofanyia biashara huchunguzwa pia. Ikionekana kwamba biashara yake itahatarisha usalama au amani, ombi hukataliwa.

Hapa ndipo muuzaji asiye na duka anapokwama. Sheria haidai kioo cha maonyesho wala kibao kando ya barabara, lakini inadai mahali panapojulikana. Kila mahali pa biashara huandikwa katika rejista, na anayetaka kuuzia kwingine, tuseme kutoka Kitale hadi Bungoma, lazima kwanza apeleke taarifa za mahali papya. Kuuzia kwenye buti la gari, chumba cha hoteli au sebuleni pasipoandikwa ni kosa. Kibali cha biashara cha kaunti hakitoshi kuziba pengo hilo.

Mahali hapo ndipo daftari linapokaa. Kila bunduki ina namba iliyochongwa kwenye chuma chake. Namba hiyo huandikwa daftarini bunduki inapoingia, na inapotoka huandikwa tena pamoja na jina la mnunuzi na maelezo ya cheti chake. Afisa akifika na bunduki iliyookotwa kwenye tukio la uhalifu, anafungua ukurasa na kufuata mstari hadi kwa mtu. Ndiyo maana wahalifu huisugua namba kwa tupa. Muuzaji asiye na mahali hana daftari la kukaguliwa, na kila bunduki anayouza imekwisha kusuguliwa namba hata kabla tupa haijaigusa.

Mwenye cheti anayetaka kuuza bunduki yake moja si mfanyabiashara, lakini naye hayuko huru. Anaweza kumuuzia mfanyabiashara aliyesajiliwa, au mtu mwenye cheti kinachomruhusu kupata bunduki ya aina hiyo, na mamlaka ya leseni lazima ijulishwe. Anayekutwa na bunduki ya kawaida bila cheti anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 10. Kwa bunduki za kivita, kama AK-47, adhabu ni kali zaidi.

Marekani imechagua njia nyingine. Chini ya sheria ya mwaka 1968, mtu anaweza kupewa leseni ya kuuzia bunduki nyumbani kwake, mradi kanuni za mtaa ziruhusu, kwa ada ya dola 200 kwa miaka 3 ya kwanza. Mabishano ya huko kwa miaka mingi yamehusu ni nani hasa anayehesabiwa kuwa mfanyabiashara, na mwaka 2022 Bunge lilipanua tafsiri hiyo ili kuwanasa wengi zaidi wanaouza kwa faida bila leseni. Hata huko, leseni inafungwa kwenye anwani.

Magharibi mwa Kenya kuna sababu ya kutolegeza kanuni hii. Serikali ya Idi Amin nchini Uganda ilipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la kambi ya Moroto liliporwa, na bunduki zikaenea Karamoja hadi Pokot, jirani wa Kitale upande wa kaskazini. Zilibadilishwa kwa ng'ombe, bila duka wala daftari. Kati ya mwaka 2006 na 2008, wanamgambo wa Sabaot Land Defence Force (SLDF) walitumia bunduki haramu katika mzozo wa ardhi wa Chebyuk, Mlima Elgon. Shirika la Human Rights Watch lilisema mwaka 2008 kuwa kundi hilo liliua zaidi ya watu 600. Maelfu walihama kutoka Cheptais na Kopsiro, na wengi walikimbilia Bungoma na Trans Nzoia. Hakuna ukurasa unaoonyesha silaha hizo zilipitia kwa nani.

Kwa hiyo kanuni ya mahali inastahili kulindwa, na wenyeji ndio walinzi wake wa kwanza. Mwenye bunduki asiyoihitaji aipeleke kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa au kituo cha polisi. Familia iliyoachiwa bunduki na marehemu isiifiche darini wala kuiuza kimyakimya. Iipeleke kituoni mapema. Na anayeuziwa bunduki na mtu asiyeweza kuonyesha hati ya usajili yenye anwani yake asiinunue, hata ikiwa bei ni ya chini kiasi gani.