Safari yenye siku ya kurudi



Juma lililopita tulisimama kando ya barabara ya Rutshuru kabla jua halijatoka, begi dogo mkononi, tukingoja pikipiki ya kushuka mjini. Jirani mmoja aliyekuwa anaenda kuchota maji akatuona, akaweka bidoni yake chini.

"Mwalimu, nani amekufa?"

Tukamwambia hakuna aliyekufa.

"Basi nani anaumwa?"

Hakuna.

"Ni ndoa?"

Si ndoa. Akatutazama toka kichwani mpaka miguuni. "Sasa unaenda kufanya nini?"

Tukajibu: kutembea. Tunaenda Bukavu leo Ijumaa, Jumapili tunarudi. Mama wa watu akabeba bidoni yake bila neno, na tulijua kwamba kabla ya saa mbili habari itakuwa imefika Munigi.

Tunasema "tulienda", lakini aliyepanda boti ni mmoja tu, mwenye kuandika ukurasa huu. Tiketi ililipwa na likelemba yetu, watoto walikula kwenye nyumba za wenzetu, kwa hiyo safari ni ya wote. Tunawatolea hesabu yake hapa.

Wazo lilitoka mbali. Dada yetu anayekaa Brussels alitupigia simu akasema ametoka Paris. Treni inatoka Brussels na kufika Paris kwa saa moja na nusu hivi. Alienda peke yake, akalala siku mbili, akatembea kwa miguu kando ya mto, akala, akarudi, na Jumatatu alikuwa kazini. Tulimuuliza kama jirani alivyotuuliza: ulienda kufanya nini? Akacheka. "Hakuna. Nilienda kuona." Akatueleza kwamba huko ni jambo la kawaida, hata kwa mama mwenye watoto. Mji uwe karibu, uweze kuutembea kwa miguu, lugha yake uisikie, na tiketi ya kurudi uwe nayo mfukoni tangu siku ya kwanza.

Jumapili ile tulipeleka maneno hayo kwenye mkutano wetu. Wamama walicheka sana. Kisha mmoja akasema: sisi pia tumesafiri. Tukaanza kuhesabu. Januari 2002, Nyiragongo ilipotapika, tulikimbia. Mwaka wa 2012, vita, tulikimbia. Mei 2021, mlima tena: moto ulishuka Jumamosi jioni, na siku tano baadaye serikali ikaamuru watu watoke Goma, tukajaza barabara ya Sake na boti za Bukavu. Mwisho wa 2022 wengine wetu walikuja kukaa chini ya hema hapa hapa Kanyaruchinya, wametoka Kibumba, Rugari na Rutshuru na godoro kichwani. Safari nyingine ni za matanga. Tulipomaliza kuhesabu hakuna aliyecheka tena. Katika wamama 28, hatukupata hata mmoja aliyewahi kulala nje ya nyumba yake kwa kupenda.

Basi tukasema tujaribu: mwenye zamu ya likelemba, akitaka, aende mji wa karibu siku mbili. Hapo maneno yakawa makali. Mama mmoja alisimama akasema franka hizo ni za shule, na watu watatucheka: wengine wanalala kwenye mvua, ninyi mnaenda kutembea. Hatukuwa na jibu. Aliyejibu ni mama aliyetoka Rugari, na ndiye tuliyedhani atakasirika kuliko wote. Alisema: "Mwache aende. Mimi zamu yangu ikifika nitanunua bashi ya nyumba, kwa kuwa mvua inaniingilia. Lakini siku moja nataka na mimi nitoke mahali nikijua siku ya kurudi."

Ndipo tukakubaliana. Zamu ni ya mwenyewe. Anayenunua bashi anunue, anayelipa shule alipe, anayekwenda kuona mji aende, na asitengwe kwa sababu hiyo.

Kwa nini Bukavu? Paris inataka viza, makaratasi ya benki na ndege. Kinshasa nayo ni ndege. Gisenyi iko mlangoni, lakini huko tumezoea kwenda na mzigo na kurudi na mzigo. Mguu wenyewe unakimbilia soko. Bukavu iko ng'ambo ya ziwa, kama kilomita mia moja. Hakuna mpaka wa kuvuka, na Kiswahili chao ni chetu. Boti za mbio zinafika kwa saa tatu hivi. Boti kubwa za usiku zinatoka jioni na kufika asubuhi, na bei yake ni ndogo.

Tulienda mchana ili tuone. Idjwi ilikaa kando yetu muda mrefu, maana kisiwa hicho kina urefu wa kilomita 40 hivi. Mashamba yake yanapanda mlima kama kitenge kilichoanikwa. Mwaka wa 2021 tulipita maji hayo hayo na hatukukiona. Tulikuwa tunahesabu watoto: wako wanne, wako wanne, wako wanne. Siku nane tulilala Bukavu kwenye sebule ya watu wema, na kama ungetuuliza mji ukoje, tungekueleza jiko la mwenye nyumba.

Sasa tumeuona. Mji umekaa juu ya vilima, na nchi yake inaingia ziwani kwa rasi tano, kama mkono uliotia vidole majini. Ukisimama La Botte unaona maji kulia na kushoto. Sisi tumezoea mawe meusi ya mlima wetu. Kule udongo ni mwekundu, viatu vilirudi vimebadilika rangi. Tulitembea Avenue Lumumba, nyumba za siku za Wabelgiji bado zimesimama, zenye kona za mviringo. Tulipanda soko la Kadutu bila kununua chochote, na hiyo ni kazi ngumu kwa mama! Tulishuka mpaka Ruzizi, pale ziwa letu linapomwaga maji yake kwenda Tanganyika.

Jioni tuliketi kwenye mgahawa mdogo tukaagiza bugali na sambaza. Sahani ikaja. Tulingoja. Dakika nzima mkono ulikuwa unatafuta nani wa kugawia. Tulikula samaki wote, na vichwa vyake, na hatukuona haya. Haya ilikuja usiku, tulipokumbuka watoto. Tukapiga simu. Mdogo akauliza: "Mama, utarudi?" Tukamwambia Jumapili. Akasema "Sawa," akaenda kucheza. Mwaka wa 2021 aliuliza kwenye boti, "Tutarudi lini?", na hatukuwa na siku ya kumpa.

Si kila kitu kilikuwa kitamu. Usiku wa kwanza hatukulala vizuri, kimya cha chumba kilikuwa kikubwa. Na tuliporudi tulikuta maneno: eti tulikuwa na mwanaume kule. Kwa hiyo, mama mwenye kutaka kwenda, shika haya.

Waambie wa nyumbani mapema, mume kwanza, na mama mkwe asisikie njiani. Waambie siku ya kwenda, siku ya kurudi, jina la boti na mahali pa kulala. Maneno ya kartie hayataisha, lakini yatakosa pa kushika.

Lala kwenye nyumba inayojulikana. Sisi tulilala kwa masista: chumba ni safi, lango linafungwa mapema.

Nunua tiketi bandarini, kwa wenye boti, na uulize hali ya njia siku ile ile. Kwetu mambo yanabadilika kwa usiku mmoja. Vaa jile ya kuokoa maisha, usiikalie. Ukiona boti imejaa kupita kiasi au ziwa limechafuka, shuka. Tiketi ikipotea, utanunua nyingine.

Beba kadi yako ya uchaguzi, na pesa uziweke mahali pawili. Usikubali mizigo ya watu: ukichukua mfuko wa mmoja wa kupeleka kwa shangazi, siku zako mbili zitakwisha kwa kutafuta nyumba ya shangazi.

Hesabu: likelemba ya mwezi ni franka 5,000 kwa kila mama, tuko 28, jumla 140,000. Boti ya kwenda na kurudi, chumba, chakula na pikipiki vimetoka humo. Tumerudi na 6,000, na mfuko mmoja wa sambaza wakavu ambao mkutano ulikwisha kuumaliza.

Jumatatu asubuhi tulikutana tena na jirani wa bidoni kwenye foleni ya maji. Alikaa kimya mpaka zamu yake ikakaribia. Kisha akauliza taratibu, bila kututazama: "Hiyo boti, inatoka saa ngapi?"

Mwezi ujao zamu ni ya mama wa Rugari. Bashi imekwisha kuchaguliwa. Wenye nyundo na misumari tukutane kwake Jumamosi asubuhi, tumsaidie kuifunga.