Soya ya Walungu haiponywi na 17-17-17 peke yake

Ninyi mnaowagawia wakulima wa soya wa Walungu na Kabare mbolea ya 17-17-17, mlipima udongo kwanza? Gunia hilo ni azoti, fosfori na potasi, basi. Kwenye udongo mchachu kama wetu molibdeni hukwama, mzizi hauipati, na bila hiyo vijidudu vya kwenye vinundu vya mzizi havikamati azoti ya hewani. Soya inageuka njano. Na kiasi kinachotakiwa hakifiki hata kilo 1 kwa hekta nzima! Familia iliyokimbia vita imekodi shamba kwa msimu mmoja tu. Ndugu mkulima, soya ikitoa maua ng’oa mche, pasua kinundu. Kikiwa chekundu ndani, vizuri. Kikiwa cheupe, waambie walete chokaa ya shamba na molibdeni kabla ya gunia lingine.