Ridhaa ya Nani?

Nimechoka na hii "wa kwanza". Kila ukifungua habari ya mtu mweusi aliyefanya jambo, na hasa akiwa mwanamke, unakutana nayo: wa kwanza kuingia hapa, wa kwanza kushika kombe lile, halafu nukta. Kama vile mtu akishavuka kizingiti hadithi imekwisha, sote twende nyumbani tukalale. Mimi nasema hadithi inaanzia ndani ya nyumba. Na shahidi wangu ni Althea Gibson, ambaye wengi wenu mnamjua kwa tenisi, kama mnamjua, na ambaye mimi nataka kumzungumzia kwa gofu.

Najua hapo wapo walioshaguna. Gofu! Katika kijiwe chetu cha waandishi chipukizi mshikaji mmoja aliniambia waziwazi, mbele za watu, kwamba gofu ni mchezo wa vitambi, hauna nafasi katika riwaya ya Kiswahili. Tena akaongeza: huyo mama mwenyewe huko kwenye gofu hakushinda kitu. Utamwandikaje shujaa asiyeshinda?

Kaniuliza hadharani, nami namjibu hadharani.

La vitambi sikatai. Ukipita kando ya uzio wa Gymkhana hapa Dar es Salaam unaona majani yamenyolewa kama kichwa cha kuruta, na nje ya uzio jua linatuchoma sisi tunaosubiri daladala. Lakini tangu lini mwandishi akaacha kuandika mahali kwa sababu hakualikwa? Uzio wenyewe ni habari. Nani yuko ndani, nani yuko nje, na nani ameingizwa kwa sharti la kutopanda ngazi za barazani. Mtu anayetaka kuandika riwaya juu ya matabaka na hataki kusikia habari za klabu za gofu, huyo ananichekesha.

Sasa tuje kwa mama mwenyewe. Alizaliwa Agosti 25, 1927, katika kijiji kinachoitwa Silver, huko South Carolina, wazazi wake wakilima pamba katika mashamba ya watu kwa kugawana mavuno. Akiwa mdogo familia ikahamia Harlem, New York. Shule alikuwa anaitoroka. Akaanza na mchezo mdogo wa kupigia mpira mtaani kwa kibao cha mti, watu wakamwona, wakamtafutia raketi, baadaye madaktari wawili weusi wa Kusini wakamchukua, wakamsomesha na kumfundisha. Mwaka 1950 akawa mweusi wa kwanza kucheza mashindano ya taifa ya tenisi ya Marekani. Mwaka 1956 akatwaa Ufaransa. Mwaka 1957 Wimbledon, kombe akapewa na Malkia Elizabeth mkono kwa mkono, na New York ikamwagia vipande vya karatasi kutoka madirishani alipopitishwa Broadway kwa gari la wazi. Mwaka uleule akatwaa na ubingwa wa kwao. Mwaka 1958 akarudia vyote viwili. Ukihesabu na michezo ya wawili wawili, mataji makubwa yake ni 11.

Haya yote nimeyapita mbio makusudi, maana ndiyo mnayoambiwa kila siku. Wasichowaambia ni alilipwa shilingi ngapi.

Hakulipwa. Hata senti ya zawadi. Tenisi ile kubwa ilikuwa ya ridhaa, na mchezaji wa ridhaa alikuwa na haki ya kombe, makofi na gharama za safari. Ukikubali kulipwa, Wimbledon unaisahau. Mlango huo haukufunguliwa hadi 1968, na hata ulipofunguliwa bingwa mwanamume alipewa pauni 2,000, mwanamke 750. Althea wakati huo ana miaka 40.

Hebu litazameni neno lenyewe: ridhaa. Neno zuri, lina harufu ya uungwana. Maana yake mtu ameridhia kucheza bila malipo. Lakini ridhaa ya nani? Mtoto wa mwenye viwanda akicheza bure, ameridhia, kwa sababu jioni anarudi nyumbani anakuta meza imeandaliwa. Binti wa mlima pamba akicheza bure, hajaridhia chochote. Hana pengine pa kuchezea. Kanuni ni moja kwa wote wawili, ila mmoja inampa heshima na mwingine inamlaza njaa. Halafu wanakaa wakubwa wa chama, wameshiba, wanasema fedha itauchafua mchezo!

Na msifikiri nazungumzia Wimbledon tu. Ni mara ngapi sisi tunaoandika tumeambiwa wimbo huohuo? Andika kwa mapenzi, kijana. Sanaa haina bei. Mimi ni mtu wa kidato cha nne, mchana nachapa barua na maombi ya kazi ya watu katika steshenari moja, usiku ndipo nashika kurasa zangu. Kuna mchapishaji mmoja alikaa na mswada wangu miezi 14, na jibu lake lilipokuja likasema kazi ni nzuri, je, naweza kuchangia gharama za uchapaji? Yeye karani wake analipwa. Mwenye karatasi analipwa. Dereva wa kupeleka vitabu analipwa. Wa ridhaa ni mimi peke yangu. Ndiyo maana nikisoma kwamba bingwa wa dunia mara mbili alikuwa hana kodi ya nyumba, sishangai. Naelewa kwa tumbo.

Turudi kwa Althea. Baada ya 1958 akaachana na ridhaa. Akajaribu kila kitu, na hapa nawaomba mwandike orodha vichwani. Aliimba, akatoa sahani ya santuri. Aliigiza katika filamu ya The Horse Soldiers ya 1959, akapewa nafasi ya kijakazi, na akakataa kutamka maneno kwa ile lafudhi ya kijinga ambayo Hollywood ilimvika kila mweusi, wakabadilisha. Akazunguka na Harlem Globetrotters, wale wacheza kikapu wenye vituko, yeye akicheza tenisi kabla ya mechi yao kama mtu anayetangulizwa kuchangamsha ukumbi. Hapo, ndiyo, alipata fedha nzuri, ikiripotiwa zilikaribia dola 100,000. Mtu atakayenibishia kwamba alilipwa asiache kusema na alilipwa kufanya nini. Bingwa wa Wimbledon alilipwa kuwa utangulizi wa vichekesho. Ubingwa wenyewe ulibaki bure.

Sasa gofu. Kwa nini gofu? Watu wanaandika kama vile ni mapenzi tu yalimbadilikia. Mimi naona jambo jingine. Katika tenisi hapakuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake ya kuingia. Katika gofu ilikuwapo: wanawake 13 walikuwa wameianzisha LPGA mwaka 1950, na humo mwanamke akicheza vizuri analipwa, hadharani, jina na kiasi vinaandikwa. Kwa mwanamke mwenye nguvu za mwili na asiye na shamba la baba, huo ndio ulikuwa uwanja uliobaki. Basi akajifunza, na mwaka 1964, mwaka aliotimiza miaka 37, akapata kadi ya kucheza mzunguko wa LPGA. Mweusi wa kwanza. (Unaona? Hata mimi limenitoka. Lakini mimi siishii hapo.)

Miaka 37! Tafakarini. Mabinti aliokuwa akipambana nao wengine walikuwa wameshika fimbo tangu utotoni, kwenye viwanja ambavyo mtu wa rangi yake hakuruhusiwa kukanyaga isipokuwa amebeba mfuko wa mtu. Chama cha wanaume, PGA, kilikuwa na kifungu cha weupe peke yao ndani ya katiba yake hadi Novemba 1961. Kwa wanawake tatizo lilikuwa klabu zenyewe. Mashindano yanazunguka, wiki hii jimbo hili, wiki ijayo jingine, na kila klabu ina wenyewe. Nyingine zilimkataa kabisa. Nyingine zilisema acheze, lakini asiingie ndani ya jumba. Hoteli nazo zilimfungia. Lenny Wirtz, aliyekuwa mkurugenzi wa mashindano wa LPGA, alisimama upande wake dhidi ya klabu za namna hiyo, na wachezaji wenzake kadhaa walikuwa waungwana kwake. Lazima yasemwe, maana nami sitaki kuandika kama wale wanaoona shetani kila kona.

Lakini jumba la klabu ni nini? Kwa sisi tulio nje ya uzio ni paa jekundu tu. Kwa mchezaji, humo ndimo mna choo, bafu, kabati la nguo, sahani ya chakula baada ya mashimo 18 ya kutembea juani. Humo ndimo mnapiganwa stori ambazo mtu anajifunzia mambo: upepo wa uwanja huu unageuka saa ngapi, shimo la saba lina mteremko wa uongo. Althea alibadilishia viatu ndani ya gari lake. Sisemi kitendawili, ni habari iliyoandikwa: mwanamke ambaye Malkia wa Uingereza alimpa mkono, ameketi kwenye kiti cha gari katika maegesho ya klabu, anafunga kamba za viatu vya gofu, kisha anatoka kwenda kushindana na watu waliotoka kwenye makabati yao.

Mshikaji wangu, unaniambia hiyo si riwaya?

Na alicheza hivyo mara ngapi? Mashindano 171. Hakushinda hata moja. Alikuwa akipiga mpira mbali sana, nguvu hazikuwa tatizo. Gofu lakini haimalizwi kwa nguvu, inamalizwa kwa ule msukumo mdogo wa mwisho karibu na shimo, ambao mtu huupata kwa kuurudia maelfu ya mara tangu akiwa mtoto. Mwaka 1970, kwenye Len Immke Buick Open huko Columbus, Ohio, alifungana kileleni na wenzake wawili, watatu wakarudishwa uwanjani kutafuta mshindi. Akakosa. Hapo ndipo alipofika karibu kuliko siku zote, akiwa na miaka 42. Miaka mitano tofauti alikuwa katika 50 bora kwa fedha, na mahali fulani alijishindia gari. Na fedha zote za zawadi alizochuma katika gofu, maisha yake yote, hazikuvuka dola 25,000. Chukua kalamu ugawanye kwa 171: hazifiki dola 147 kwa shindano moja. Humo toa petroli, chumba pale alipokubaliwa, chakula, na ujira wa mbeba mfuko.

Mwenzangu anaita hiyo kushindwa. Mimi naiita kazi. Ndilo neno ambalo fasihi yetu changa inaliogopa. Tunataka heroini ashinde ukurasa wa mwisho, au afe vizuri tukalia. Mtu anayeamka, anaendesha gari maili mamia, anavalia viatu garini, anamaliza wa 30, anapokea hundi ndogo na wiki ijayo yuko tena barabarani, huyo hatujui tumfanyeje. Wakati nusu ya mama zetu ndivyo wanavyoishi! Nani kati yetu ana mama aliyewahi kushika kombe?

Tena yule aliyekuja nyuma yake, Renee Powell, aliingia mzunguko ule mwaka 1967 akamkuta Althea yumo. Mashindano 171 ni mashindano 171 ambayo klabu zililazimika kuamua, huku watu wakitazama, kama huyu mtu ataingia mlangoni au la. Vikombe havihesabu hayo.

Wale mnaopenda mwisho mchungu mtapata wenu. Miaka ya tisini alikuwa mgonjwa huko East Orange, New Jersey, kapatwa na kiharusi, hana fedha za kodi wala dawa. Akampigia simu Angela Buxton, Mwingereza aliyekuwa mwenzake wa kucheza wawili wawili 1956, binti wa Kiyahudi ambaye naye klabu zilimbania. Buxton akasaidia habari ikatangazwa katika gazeti la tenisi, na barua zenye hundi zikamiminika kutoka pande nyingi za dunia, karibu dola milioni moja. Althea alifariki Septemba 28, 2003. Sanamu yake ikazinduliwa mwaka 2019 katika viwanja vya tenisi vya taifa huko New York. Na mwaka 2025 serikali ya Marekani ikatoa sarafu yenye umbo lake, ameshika raketi. Sarafu ya senti 25.

Sibuni. Ni senti ishirini na tano.

Mimi sura yangu ya kwanza nimeshaianza, na haianzii Wimbledon. Inaanzia kwenye maegesho ya magari, asubuhi, kiatu kimoja kimeshavaliwa. Mwenye kubisha naye aandike. Mhariri ameniambia toleo lijalo lina kurasa mbili wazi, na nimemwuliza kama zinalipwa. Bado hajanijibu.