Mvua ya Elektroni na Sentensi Moja ya Darasani

Katika madarasa mengi mwanga wa aurora huelezwa kwa sentensi moja: Jua hutupa chembe zenye chaji, sumaku ya dunia huzivuta hadi kwenye ncha, nazo hugonga hewa ikang'aa. Maelezo haya ni mepesi kukariri, lakini hayahimili swali la mwanafunzi mdadisi. Ikiwa chembe hushuka moja kwa moja kutoka Juani, mbona mianga mikali huonekana zaidi karibu na usiku wa manane, upande ulioligeuzia Jua mgongo? Na mbona hufanya pete kuizunguka ncha ya sumaku, badala ya kukaa juu ya ncha yenyewe?

Ukweli ni kwamba uga wa sumaku wa dunia huukengeusha upepo wa Jua kwa sehemu kubwa. Wakati wa machafuko ya sumaku, nishati ya upepo huo hulimbikizwa nyuma ya dunia, katika mkia mrefu wa uga. Mistari ya uga inapokatika na kuungana upya, elektroni hurushwa kuelekea duniani. Hata hapo safari haijaisha. Kadiri zinavyoshuka, uga huzidi nguvu na kuzirudisha nyingi juu. Hupenya zile tu ambazo mwendo wake unakaribia kuufuata mstari wa uga. Katika mianga mikali, uga wa umeme ulioko kilomita elfu kadhaa juu ya ardhi huziongezea kasi, zikapata nishati ya maelfu ya elektronivolti. Ndipo zinapoigonga oksijeni: kwenye kimo cha kilomita 100 na ushei hutoa kijani, na kupita kilomita 200 hutoa nyekundu.

Kristian Birkeland wa Norway alidai mwaka 1908 kwamba mikondo ya umeme hushuka kwa kuifuata mistari hiyo. Alipingwa kwa miongo mingi, akafariki mwaka 1917 kabla setilaiti hazijamthibitisha.

Husemwa kwamba mada hii haimhusu mwanafunzi wa ikweta. Hoja hiyo ni dhaifu. Kipimo cha dhoruba za sumaku kiitwacho Dst hutokana na vituo vinne vilivyo mbali na ncha, kimoja kikiwa Hermanus, Afrika Kusini. Tena, mwalimu wa kanuni ya Faraday asingekosa mfano: tarehe 13 Machi 1989 uga uliobadilika ghafla ulizusha mikondo katika nyaya ndefu za Quebec, Kanada, na watu milioni 6 wakakosa umeme kwa saa 9 hivi.