Mchezo wa video ni kazi: Kameruni imeonyesha njia

Mwaka 2003, kijana wa Kameruni, Olivier Madiba, alianza kutunga mchezo wa video pamoja na rafiki zake. Wazazi wengi wangesema anapoteza wakati. Miaka 10 baadaye akafungua kampuni, Kiro'o Games, mjini Yaoundé.

Mtaji ulitafutwa kwa watu wa kawaida, walionunua sehemu ndogo ndogo za kampuni. Mwaka 2015 mchango ukaombwa pia kwa wachezaji kupitia intaneti, na zaidi ya euro 40 000 zikapatikana. Umeme ulikatika mara kwa mara, lakini kazi haikuachwa. Aprili 2016, mchezo wa Aurion ukatoka: kisa cha Enzo, mwana mfalme wa Kiafrika aliyepinduliwa siku ya kutawazwa, anayezunguka dunia pamoja na mkewe Erine ili kurudisha kiti chake.

Mashariki mwa Kongo inatoa koltani inayotumika katika simu na kompyuta. Michezo inayochezwa humo, karibu yote inatoka ng'ambo. Udongo unauzwa, hadithi zinanunuliwa.

Kijana wa Goma au Bukavu hahitaji kuhubiriwa juhudi. Anachokosa ni umeme wa kudumu, intaneti ya bei nafuu na mtu wa kumwamini kwa pesa kidogo. Mambo mawili ya kwanza ni deni la serikali. La tatu, wafanyabiashara na ndugu walio ng'ambo wanaweza kulianza leo, bila kungoja Kinshasa.